Kufuma Kazi Kadhaa kwa Wakati Mmoja: Foleni, Kadi na Kumaliza

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Walimu wa kazi za mikono wamezitumia methali hizi kwa miaka mingi kumkanya mwanafunzi anayeanza sweta la pili kabla hajamaliza la kwanza. Hata hivyo, tukichungulia vikapu vya wafumaji hodari, hasa wale wafumao kwa kupenda tu katika saa zao za mapumziko, mara nyingi tutakuta humo kazi mbili, tatu au hata tano zilizoanzwa. Baadhi yao humaliza zote kwa wakati. Wengine huwa na kabati lililojaa migongo ya masweta isiyo na mikono, na soksi zisizo na wenzake.

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya wafumaji wa aina hizi mbili. Tunawaandikia wanachuo pamoja na walimu wanaosimamia vikundi vya ufumaji shuleni, maana jambo hili haliishii kwenye burudani ya mtu binafsi. Uzi hununuliwa kwa fedha ya mzazi, sindano za shule ni chache, na mtoto aliyeahidiwa sweta huingia katika majira ya baridi akiwa nalo au akiwa hana. Neno kufuma litatumika hapa kwa maana ya kufuma kwa sindano mbili, lakini mengi yatakayosemwa yanawahusu pia wanaofuma kwa kulabu.

1. Sababu za kuanza kazi nyingine

Yafaa kwanza kuzitenganisha sababu zinazomfanya mfumaji aanze kazi mpya kabla ya kumaliza ya zamani. Tumeziona sababu nne.

(a) Mahali na wakati. Kazi yenye nakshi za kuhesabu hudai utulivu, meza na mwanga. Haiwezekani kufumwa mkutanoni au katika foleni ya zahanati. Kwa hiyo mfumaji hutafuta kazi nyingine, nyepesi zaidi, ya kushika katika nafasi kama hizo.

(b) Uchovu wa mikono. Sindano nyembamba na uzi mwembamba huchosha vidole kwa namna yake, na sindano nene huchosha kwa namna nyingine. Kubadili kazi hupumzisha misuli, ingawa hakuwezi kuchukua nafasi ya mapumziko yenyewe.

(c) Kukwama. Uzi umekwisha dukani, au mtoto wa kupimwa hayupo. Kazi husimama, lakini mikono bado ina nafasi.

(d) Utamu wa mwanzo. Kila kazi ya kufuma ina mwanzo mtamu, katikati ndefu, na mwisho wa kuunganisha vipande ambao wengi hawaupendi. Mfumaji anayefika katikati huvutwa na uzi mpya wenye rangi ya kupendeza.

Sababu tatu za kwanza ni halali. Ya nne ndiyo ijazayo makabati. Mwalimu hana budi kumfundisha mwanafunzi ajiulize, kabla ya kuanzisha vitanzi vipya, ni ipi kati ya sababu hizi inayomsukuma.

2. Hesabu ya muda

Wengi hudhani kwamba kufuma kazi tatu kwa zamu huharakisha mambo. Hesabu ndogo itaonyesha kwamba sivyo.

Tuchukue mtoto ambaye kifua chake kina sentimita 66. Tukiongeza sentimita 6 za nafasi ya kupumulia, sweta lake litahitaji mzunguko wa sentimita 72, yaani mgongo wenye upana wa sentimita 36. Kama mfumaji hupata vitanzi 22 katika kila sentimita 10, mgongo huo utahitaji vitanzi 80 hivi. Kama hupata mistari 30 katika sentimita 10 za urefu, mgongo wa sentimita 42 utakuwa na mistari 126. Basi mgongo peke yake una vitanzi 10,080. Tukikadiria kwamba kifua ni sawa na mgongo, na kwamba mikono miwili kwa pamoja ni kama mgongo mwingine, sweta zima litakuwa na vitanzi 30,000 hivi. Tuseme mfumaji hufuma vitanzi 20 kwa dakika. Kazi hiyo itamchukua saa 25. Akiwa na saa 5 kwa juma, atahitaji majuma 5.

Sasa tuseme anao watoto watatu wa kuwafumia, naye ameanza mapema mwezi Machi ili wawe tayari kwa baridi ya Juni na Julai katika nyanda za juu. Akifuma sweta moja baada ya jingine, la kwanza litakuwa tayari katika juma la 5, la pili katika juma la 10, na la tatu katika juma la 15, yaani katikati ya Juni. Akiyafuma yote matatu kwa zamu sawasawa, yote yatakwisha karibu na juma la 15. Jumla ya kazi haikupungua hata kitanzi kimoja. Kilichobadilika ni kwamba mtoto wa kwanza amengoja majuma kumi zaidi bila faida yoyote kwa wenzake.

Tena hatujataja dharura. Tuseme katika juma la 11 inaingia kazi ya kusahihisha mitihani, na ufumaji unasimama kwa majuma manne. Yule aliyefuma kwa foleni ana watoto wawili waliokwisha kuvaa, na mmoja anayengoja. Yule aliyefuma kwa zamu ana vipande vingi kikapuni, na baridi inapoanza watoto watatu hawana kitu.

Hapa ndipo tunapoona maana ya ile methali ya fisi. Kosa la fisi halikuwa kuzijua njia mbili, bali kutaka kuzifuata zote kwa hatua moja. Kanuni ya kwanza basi ni hii: kazi zenye tarehe zifumwe kwa foleni.

3. Kazi zinazoweza kukaa pamoja

Je, kazi ya pili haina faida kabisa? Ina faida, iwapo itatumia muda ambao kazi ya kwanza haiwezi kuutumia. Mfumaji wa mfano wetu ana saa 5 za utulivu mezani. Huenda anazo pia saa 3 kwa juma za mikutano, za kusikiliza redio, na za kungoja huku na huko. Saa hizi hazifai kwa kifua cha sweta chenye nakshi, maana atakosea hesabu na kufumua. Lakini zinafaa sana kwa skafu ya mshono mmoja. Skafu ya vitanzi 40 na mistari 400 ina vitanzi 16,000. Kwa mwendo ule ule wa vitanzi 20 kwa dakika, itachukua saa 13 na dakika 20. Kwa saa 3 za kila juma itakwisha katika juma la 5, pamoja na sweta. Skafu hiyo haikuiba kitu, kwa kuwa imefumwa kwa saa ambazo sweta lisingezipata.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kikapu chenye kazi zisizozidi tatu, kila moja ikiwa na nafasi yake:

(a) Kazi kuu. Hii ndiyo yenye tarehe au yenye mtu anayeingoja. Hupewa saa zote za utulivu hadi imalizike.

(b) Kazi ya njiani. Iwe nyepesi, ndogo kubebeka, na isiyohitaji kusoma maelekezo: skafu, kofia isiyo na nakshi, au kitambaa cha kushikia sufuria.

(c) Kazi ya kujifunza. Hii ni ya kujaribu ufundi mpya, kama kisigino cha soksi au nakshi ya kamba zilizopishana. Haina tarehe, wala haipewi mtu kwa ahadi. Huguswa wakati kazi kuu imekwama kwa sababu halali.

Kazi mbili zenye uzito sawa zisikae pamoja katika kikapu kimoja. Nakshi mbili za kuhesabu huchanganyikana kichwani, na mfumaji huona kila anaporudi kwamba dakika za mwanzo zimekwisha katika kutafuta alipoachia.

4. Kipimo cha mkono na hatari ya sindano

Kazi inayolala huku nyingine ikiendelea hupatwa na hatari moja kubwa, nayo ni kubadilika kwa kipimo. Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi na kufundisha Marekani, alisisitiza katika kitabu chake Knitting Without Tears cha mwaka 1971 kwamba ukubwa wa vazi hutokana na idadi ya vitanzi anavyopata mfumaji mwenyewe katika kipimo fulani. Turudie mfano wetu. Vitanzi 80 kwa kipimo cha 22 hutoa upana wa sentimita 36 na kidogo. Vitanzi hivyo hivyo kwa kipimo cha 20 hutoa sentimita 40, na kwa kipimo cha 24 hutoa sentimita 33 na kidogo. Maana yake ni kwamba mgongo uliofumwa mwezi Machi kwa mkono uliolegea, na kifua kilichofumwa mwezi Mei kwa mkono uliokaza, vinaweza kupishana upana kwa sentimita 6, ingawa idadi ya vitanzi ni ile ile.

Mkono hubadilika kwa uchovu, kwa haraka, na kwa kutoka katika uzi mnene kwenda mwembamba. Kwa hiyo mfumaji anayerudia kazi iliyolala afume mistari sita hivi, aitandaze bila kuivuta, na ahesabu vitanzi katika sentimita 10. Kama kipimo kimebadilika, ni afadhali kufumua mistari sita kuliko kufumua kifua kizima.

Hatari nyingine ni kuazima sindano za kazi moja kwa ajili ya nyingine, kisha kurudisha zisizo zenyewe. Namba zilizoandikwa kwenye sindano hazitoshi kutuongoza. Kwa namba za zamani za Uingereza, sindano namba 8 ina unene wa milimita 4, na namba ikiongezeka sindano huwa nyembamba zaidi. Kwa namba za Marekani, sindano namba 8 ina milimita 5, na namba ikiongezeka sindano huwa nene zaidi. Shule iliyopata sindano kutoka sehemu mbalimbali inaweza kuwa nazo za aina zote mbili katika kopo moja. Dawa yake ni kuandika unene kwa milimita. Hata sindano zilizotengenezwa kwa spoku za baiskeli au kwa vijiti vya mianzi vilivyosuguliwa zipimwe hivyo hivyo.

5. Kadi ya kazi na mahali pa kukomea

Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliokatizwa kazi huzikumbuka zaidi kuliko zile walizomaliza. Watafiti waliofuata hawakupata matokeo hayo kila mara. Lakini mwenzake, Maria Ovsiankina, alionyesha mwaka 1928 kwamba mtu aliyekatizwa huelekea kuirudia kazi yake mwenyewe apatapo nafasi, na jambo hili limethibitika vizuri zaidi katika uchunguzi wa baadaye. Mwalimu anaweza kupata mafunzo mawili hapa. Kwanza, asitegemee kwamba mwanafunzi atakumbuka alipoachia. Pili, anaweza kutegemea hamu ya kurudi, mradi kazi iwe mahali inapoonekana na njia ya kuirudia iwe wazi.

Ili njia iwe wazi, kila kazi iwe na mfuko wake na kadi yake. Kadi iandikwe mambo haya: jina la kazi na mtu atakayeipokea, unene wa sindano kwa milimita, kipimo cha vitanzi na mistari, mstari uliofikiwa, uzi uliobaki, na hatua inayofuata. Neno la mwisho ndilo la maana zaidi. Wafumaji wengi huandika walichofanya. Yafaa zaidi kuandika kitakachofanywa, kwa mfano: "Mstari wa 85, upande wa mbele. Punguza kitanzi kimoja kila mwisho." Msomaji wa kadi hiyo huanza kazi papo hapo.

Mahali pa kukomea nako kuna adabu yake. Mfumaji asiache kazi katikati ya mstari, maana vitanzi huponyoka kwa urahisi, na anaporudi huenda akageukia upande usio wake. Kwenye nakshi, aache mwisho wa duru nzima ya nakshi hiyo. Kazi itakayolala kwa muda mrefu iondolewe sindanoni, vitanzi vyake vipitishwe katika uzi imara wa rangi nyingine, na ncha zifungwe. Kwa njia hiyo vitanzi havinyooshwi na sindano kwa miezi, na sindano zenyewe zinapatikana kwa matumizi mengine.

6. Uzi na fedha

Kila kazi iliyoanzwa ni fedha iliyolala. Mfumaji mwenye masweta matatu nusunusu amekwisha kulipa uzi wa yote matatu, wala hana hata moja la kuvaa au kuuza. Kwa upande mwingine, haifai kununua uzi wa kazi moja kidogo kidogo bila kujali rangi. Lebo ya donge la uzi wa kiwandani huonyesha, pamoja na namba ya rangi, namba ya mkupuo, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja. Madonge mawili ya rangi moja yenye mikupuo tofauti huweza kufanana dukani, kisha yakaonyesha mpaka dhahiri kifuani mwa sweta. Hivyo uzi wote wa kazi ununuliwe kwa pamoja, na lebo moja ihifadhiwe mfukoni pamoja na kadi.

Uzi wa manyoya ya kondoo una adui wa ziada, yaani viluwiluwi vya nondo wanaokula sufu, hasa iliyochafuka. Kazi iliyolala ihifadhiwe ikiwa safi na kavu, na ikaguliwe mara kwa mara. Nyuzi za akriliki haziliwi kwa namna hiyo, ila nazo huchafuka na kukusanya vumbi.

7. Kazi iliyolala kupita kiasi

Kila mwisho wa muhula, kikapu kimwagwe mezani. Kwa kila kazi liulizwe swali hili: kama isingekuwa imeanzwa, je, ningeianza leo? Jibu likiwa ndiyo, kazi ipewe nafasi yake katika foleni. Jibu likiwa siyo, kazi ifumuliwe au apewe mtu anayeitaka. Mtoto aliyekusudiwa sweta akiwa amekua, vitanzi 80 vya mwaka jana havitamfaa, na kuendelea navyo ni kupoteza uzi uliobaki.

Kufumua si aibu. Uzi uliofumuliwa uzungushwe katika mkono wa kiti, ufungwe sehemu nne, uoshwe kwa maji ya vuguvugu, kisha utundikwe na kitu chepesi chini yake ili mikunjo inyooke. Ukikauka hufaa kwa kazi nyingine, hasa kofia na vitambaa.

8. Kufundisha jambo hili katika kikundi

Tufikirie kikundi cha wanafunzi 36 chenye jozi 24 za sindano. Mwanafunzi mwenye kazi mbili sindanoni amemnyima mwenzake nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo mpango wa kazi nyingi ni suala la haki pia, na mwalimu hana budi kuuongoza. Tunapendekeza hatua hizi:

(a) Anayeanza awe na kazi moja tu, fupi, ambayo ataimaliza katika majuma machache. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumaliza kitu hajui bado ladha ya kumaliza, na kumwongezea kazi ni kumzidishia mzigo.

(b) Aliyemaliza moja aruhusiwe kazi kuu na kazi ya njiani. Ruhusa ya tatu itolewe kwa yule ambaye kadi zake zimekamilika.

(c) Kazi isiyoguswa kwa majuma mawili ihamishiwe katika uzi, na sindano zirudishwe kopo la kikundi.

(d) Dakika tano za mwisho wa kila kipindi ziwe za kujaza kadi. Zisiliwe na jambo jingine.

(e) Mara moja kwa mwezi wanafunzi wabadilishane mifuko wawili wawili. Kila mmoja asome kadi ya mwenzake na aeleze mstari unaofuata bila kuuliza. Akiweza, kadi imeandikwa vema. Asipoweza, mwenye kadi ataona mwenyewe ni neno gani lililokosekana.

(f) Alama zitolewe kwa kazi zilizomalizika na kwa usahihi wa kadi. Idadi ya kazi zilizoanzwa isipewe alama yoyote, maana mwanafunzi hufuata kile kinachopimwa.

Zoezi la kubadilishana mifuko lina faida inayozidi ufumaji. Mwanafunzi hujizoeza kuandika maelekezo yanayoeleweka na mtu mwingine, na hesabu za vitanzi na sentimita humpa uwiano anaoweza kuushika kwa mkono. Walimu wa hisabati na wa lugha wanaweza kushirikiana na mwalimu wa ufundi katika jambo hili.

Hitimisho

Kazi kadhaa zinaweza kukaa katika kikapu kimoja bila kudhuriana, mradi zenye tarehe zikae katika foleni, nyingine zitumie nafasi zisizofaa kwa kazi kuu, na kila moja iwe na mfuko, kadi na sindano zinazojulikana kwa milimita. Pasipo mpango huo, methali ya mshika mbili itaendelea kuwa kweli, na atakayeponyokwa ni mtoto anayengoja sweta.

Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kungoja muhula mpya. Amwage kikapu chake mwenyewe leo, achague kazi moja ya kumaliza, na aandike kadi yake. Tungefurahi kupata taarifa kutoka kwa walimu watakaolijaribu zoezi la kubadilishana mifuko, hasa wale wenye vikundi vikubwa na sindano chache, ili tulinganishe namna walivyoligawa.